Oili ya injini: elfu tatu, elfu tano au mwaka mzima? (gari zetu za Unguja na Pemba)

#1 BintiMpendae
Asalaam alaikum. Nina IST, injini ya 1NZ, niliinunua mkononi hapa hapa Unguja. Safari zangu ni Mpendae hadi kazini Malindi, mchana kuwachukua watoto skuli, jioni nyumbani. Mara moja moja shamba. Fundi kanibandikia karatasi ndani ya boneti: oili kila kilomita 3,000. Kaka yangu yuko Dar, ananambia natupa pesa, yeye anatia sintetiki na anakwenda nayo mpaka 10,000. Dumu lenyewe halikuandikwa kilomita hata moja. Na kwa mwendo wangu hizo 3,000 zinanichukua karibu nusu mwaka, kwa hiyo sijui nihesabu kilomita au nihesabu miezi. Nataka jibu lenye sababu. "Fundi kasema" nimeshalisikia.

#2 Fundi_Kwerekwe
Elfu tatu. Skuzote nafungua injini za watu, na zote nilizozikuta na tope jeusi chini ya kava ya tapeti ni za waliokuwa wakisubiri. Oili ni rahisi kuliko injini.

#3 Kaka_wa_Michenzani
Fundi wewe kusema elfu tatu ni sawa na muuza mikate kusema watu wale mara tano kwa siku 😂

#4 MwalimuBububu
Waalaikum salaam dada. Hiyo 3,000 ina asili yake. Ni ya zama za kabureta, petroli yenye risasi, na oili ya madini isiyokuwa na dawa nyingi za kusafisha. Injini ikichafua oili upesi, na oili yenyewe ikichoka upesi. Magari yamebadilika, namba imebaki midomoni.

Toyota kwa soko la Japani, ambako gari zetu hizi ndiko zilikotoka, wanasema gari ya petroli isiyokuwa na turbo ni kilomita 15,000 au mwaka mmoja, kitakachotangulia. Yenye turbo ni 5,000 au miezi sita. Kule Marekani walikuwa wakisema maili 5,000, ambazo ni kama kilomita 8,000, kisha kwa injini zilizopangiwa oili nyepesi ya 0W-20 ya sintetiki wakapandisha mpaka maili 10,000, yaani kilomita 16,000. Kwa hiyo huyo kaka yako hajazua kitu.

#5 Fundi_Kwerekwe
Mwalimu, Japani hawapiti njia za kwetu. Na oili wanayotia wao si hii inayouzwa kwa kupima.

#6 Dereva505
@MwalimuBububu umesoma ukurasa mmoja ukaacha wa pili. Kitabu hicho hicho kinasema kama gari inatumika katika hali ngumu, ile 15,000 inakuwa 7,500 na mwaka unakuwa miezi sita. Hali ngumu wameitaja: safari fupi fupi zisizozidi kilomita nane kwa mkupuo, njia mbovu, milima, na gari kusimama muda mrefu huku injini inanguruma. Mpendae mpaka Malindi haifiki kilomita nane. Basi dada yetu kwa kitabu cha wenyewe ni 7,500 au miezi sita, na miezi ndiyo itakayomfika mwanzo.

#7 Fundi_Kwerekwe
Na yeye kasema 3,000 zake zinachukua nusu mwaka. Hesabu imerudi kwangu ile ile 😁

#8 MwalimuBububu
Imerudi kwa miezi, haikurudi kwa kilomita. Mtu wa Makunduchi anayekuja mjini kila siku anamaliza 3,000 kabla mwezi wa pili haujesha. Huyo ukimwambia amwage unamuonea.

#9 UmmuSalma
Samahanini, mie sifahamu. Vipi safari fupi iwe mbaya zaidi kuliko ndefu? Gari si imefanya kazi kidogo?

#10 MwalimuBububu
Bi UmmuSalma, petroli ikiungua inatoa maji. Lita moja ya petroli inatoa takriban lita moja ya maji kwa umbo la mvuke. Mengi yanatoka kwa sailensa, ndiyo yale matone unayoyaona asubuhi. Lakini kidogo hupenya pembeni mwa ringi za pistoni, yanashuka kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini, pamoja na petroli isiyoungua vizuri. Injini ikipata moto kamili na ikakaa na moto huo, vitu hivyo vinageuka mvuke na kuvutwa na ile pumzi ya injini, vinakwenda kuungua upya. Ukizima kabla, vinabaki ndani ya oili. Siku ya pili vyengine tena. Vinatengeneza asidi, na dawa iliyomo ndani ya oili ya kuua asidi inakwisha wakati kilomita ni chache bado.

#11 Nahodha_Kizimkazi
Hapo ndipo ninapopingana nawe, mwalimu wangu. Kanuni ya safari fupi imeandikwa na watu wenye theluji. Injini ya Sapporo, kule Japani kwenye baridi, inaamka chini ya sifuri. Injini ya Unguja asubuhi inaamka na nyuzi 25, mchana 30. Dakika tano mshale wa moto umeshapanda. Hayo maji yatakaa saa ngapi?

#12 MwalimuBububu
Mshale unapima maji ya rejeta. Oili huchelewa nyuma yake, mpaka mara mbili ya muda. Na IST nyengine hazina hata huo mshale, zina kitaa cha buluu tu kinachozima.

#13 Nahodha_Kizimkazi
Sawa, inachelewa, lakini haichelewi kama Japani. Bado nasema 7,500 ya kwao kwetu ni 10,000.

#14 Dereva116
Nyie mnahesabu kilomita, mie nahesabu saa. Nachukua wageni, Noah, mjini na Nungwi. Kwenda Nungwi ni kama kilomita 60, injini inakwenda vizuri, haina neno. Balaa ni kusubiri. Mgeni anakwambia dakika kumi, anakaa saa nzima sokoni Darajani, na akirudi anataka akute gari baridi. Injini inanguruma, feni inakwenda, AC inakula, odomita imelala.

Pigeni hesabu wenyewe. Gari yenye mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa inamaliza 5,000 kwa saa 83 hivi. Gari ya mjini yenye wastani wa 25 inazimaliza kwa saa 200. Dashibodi zote mbili zimeandika 5,000. Oili ya hii ya pili imepikwa zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo mie msimu wa wageni, Juni mpaka Septemba, sisubiri namba. Nikiwa na kazi nyingi za kusubiri namwaga kwenye elfu nne. Masika kazi ikipungua naiacha ivute.

#15 Kaka_wa_Michenzani
Hii ya saa nimeikubali. Daladala zetu za mjini nazo ni hivyo hivyo, kituo hadi kituo.

#16 MpembaAsilia
Yakhe, mnazungumza kama kwamba nchi yote tambarare. Huku kwetu Pemba ni vilima na mabonde. Nina pikapu ya dizeli, msimu wa karafuu inaingia mashambani kwa gia ya kwanza na ya pili, kushuka na kupanda, imebeba watu na magunia. Siku nzima kilomita hazifiki arubaini, na jioni ukigusa boneti unaunguza mkono. Oili ya dizeli ukiitia leo, kesho kutwa nyeusi. Mie nabadilisha kabla ya msimu na nabadilisha baada ya msimu. Katikati nachungulia stiki ya kupimia oili.

#17 UmmuSalma
Kumbe nyeusi si dalili ya kuharibika? Fundi wangu kila mara ananionesha kitambaa, "bi mkubwa tizama ilivyokuwa nyeusi".

#18 Dereva505
Nyeusi ni dalili kwamba inafanya kazi. Oili ina dawa ya kushika masizi yaelee yasigande. Ikibaki nyeupe miezi yote ndipo uulize uchafu umekaa wapi. Kwa dizeli ndiyo kabisa, MpembaAsilia kasema kweli.

#19 Fundi_Kwerekwe
Nakubali kwa dizeli. Kwa petroli ikiwa nyeusi tii na ukiisugua baina ya vidole inakwaruza, hiyo si kazi tena, hiyo ni mchanga au chuma. Na rangi ya kuogopa kuliko zote ni ya chai ya maziwa. Hapo maji ya rejeta yameingia kwenye oili, gasketi ya hedi imekwenda. Usiendeshe, vuta gari. Ila gari ya safari fupi inaweza kuonesha utando mweupe kidogo chini ya kifuniko cha kutilia oili tu, na stiki ikawa safi. Huo ni mvuke wa maji. Ukiipeleka Paje na kurudi unaondoka.

#20 MwalimuBububu
Ahsante fundi. Huo utando ndio ninaousema toka #10. @Nahodha_Kizimkazi umeusikia, uko Unguja, hauko Sapporo.

#21 Nahodha_Kizimkazi
Nimeusikia. Unaondoka kwa safari moja ya Paje. Basi dawa ni safari ya Paje, si dumu jipya 😄

#22 Mchangani_Mdogo
Naomba kuengeza jambo ambalo naona limesahauliwa: kiasi cha oili iliyomo. Mimi nilikuwa na Allion ya 1.8, injini ya 1ZZ. Hizi za mwanzo zinajulikana dunia nzima kwa kula oili. Vitundu vya pistoni vya kurudishia oili vilikuwa vidogo na vichache, vinaziba, ringi ya oili inaganda, oili inapanda juu inaungua. Baadaye Toyota walibadilisha pistoni. Yangu ilikuwa haidondoshi hata tone chini, moshi wa buluu unauona asubuhi tu ukiwasha, lakini baada ya kilomita elfu moja stiki imeshashuka. Sasa mtu mwenye gari kama hiyo ukimwambia "ngoja 10,000" bila kumwambia apime, ataifikisha sampu kavu. Taa nyekundu ya oili inapima mgandamizo, haipimi kiasi. Ikiwaka umeshachelewa.

Mie Ijumaa asubuhi kabla ya jambo lolote nafungua boneti. Gari sehemu tambarare, injini imezimwa, unachomoa, unafuta, unarudisha, unachomoa tena. Iwe baina ya alama mbili.

#23 BintiMpendae
Shukran nyote, nasoma kila neno. Hilo la kupima sikuwahi kuambiwa. Jengine: fundi ananinunulisha dumu la lita nne na analitia lote. Ni sawa?

#24 Dereva505
IST inachukua lita nne, ndiyo.

#25 MwalimuBububu
Hapana, 1NZ ni lita 3.7 ukibadilisha na filta, 3.4 bila filta. Hiyo iliyobaki weka nyumbani ya kujazia.

#26 Fundi_Kwerekwe
Lita nne kamili zikiingia haziui injini, stiki inapita alama kidogo tu. Lakini mwalimu yuko sahihi kwa namba. Kinachoua ni mtu kutia lita tano. Oili ikifika kwenye kranki inapigwa, inafanya povu, na pampu inavuta povu badala ya oili. Na filta ibadilishwe kila ukimwaga. Kuna watu wanambana fundi "filta acha, bado nzima". Unatia oili safi ichanganyike na iliyobaki ndani ya filta chafu.

#27 Kaka_wa_Michenzani
Na unene? Fundi mmoja wa Amani aliniambia hapa kwetu joto, nitie 20W-50, hizo 5W-30 ni maji.

#28 Fundi_Kwerekwe
Kwa injini iliyokwisha, yenye kelele na moshi, 20W-50 inaipa uhai. Nimetia nyingi na zinakwenda.

#29 MwalimuBububu
Kwa iliyokwisha, sawa. Lakini hoja ya joto la nje haisimami. Thermostati inaiweka injini kwenye nyuzi 80 na kitu hadi 90 na kitu, uwe Chake Chake au Tokyo. Namba ya kwanza, ile yenye W, inahusu wepesi wa oili injini ikiwa baridi. Ya pili inahusu unene wake ikiwa na moto kamili. Injini hizi zenye VVT-i zinatumia mgandamizo wa oili kugeuza majira ya valvu, na oili inapita kwenye valvu ndogo yenye chujio la nyavu nyembamba sana. Cheni ya taimingi ya 1NZ nayo inakazwa na oili. Uji mzito ukiwasha asubuhi unachelewa kufika huko juu. Ile kelele ya cheni ya sekunde mbili tatu wengi mnaisikia.

#30 Nahodha_Kizimkazi
Hapo niko na mwalimu. Na tizameni herufi za daraja la oili kwenye dumu, si picha ya gari ya mashindano. SN ilitoka 2010, SP ikatoka 2020, zote zinafaa kwa gari zetu. Kuna madumu ya bei ya chini yameandikwa SF, hiyo ni ya injini za miaka ya themanini.

#31 Mchangani_Mdogo
Na kizibo kiwe hakijafunguliwa. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa hujui imetoka wapi. Jirani yangu alitiwa kwenye gereji moja, oili ikitoka nyepesi kama maji baada ya wiki chache, na injini ikaanza kugonga. Tena aliahidiwa ni "orijino". Mtu wa namna hiyo elfu tatu ni nyingi, elfu moja ni nyingi. Hapa namba yoyote tunayoitaja ni ya oili halali tu.

#32 Fundi_Kwerekwe
Ndiyo maana nasema elfu tatu! Mie simjui mteja kanunua wapi dumu lake. Namba yangu ni ya kumlinda.

#33 MwalimuBububu
Hiyo sababu naiheshimu. Ungeisema toka #2.

#34 MpembaAsilia
Vumbi hamjaligusa. Injini inavuta hewa kwa maelfu ya lita, na klina ya hewa ikichanika au ikakaa vibaya vumbi lote linaishia kwenye oili. Njia zikichimbwa kwa ujenzi huku tunakula vumbi jekundu mwezi mzima. Unaweza kumwaga oili kila elfu mbili, kama klina mbovu slenda zinalika tu. Mie klina naitoa na kuikung'uta, ikizidi natia mpya.

#35 Kijana_Jangombe
Swali la pembeni. Gari yangu imekuja na kibandiko cha Kijapani kwenye fremu ya mlango wa dereva, kina namba. Ni cha oili?

#36 MwalimuBububu
Mara nyingi ndiyo. Utaona tarehe na kilomita za kubadilisha oili, ama zile ilipobadilishwa au za safari inayofuata. Mwaka ukiwa na tarakimu mbili huenda ni mwaka wa Heisei, yaani wanahesabu kwa zama za mfalme wao, ambao wa kwanza wake ni 1989. Kwa hiyo 20 ni 2008, 25 ni 2013. Kuanzia Mei 2019 wanahesabu Reiwa, wakaanza na moja.

#37 Dereva505
Msikibandue! Binamu yangu alikuta kibandiko kinasema kilomita 98,000 mwaka 24, yaani 2012, na dashibodi gari ilipofika hapa inasema 71,000. Muuzaji hakuwa na la kujibu. Sasa unapohesabu "elfu tano tangu nilipomwaga" ni sawa, ila ukisema "injini bado changa" unajidanganya kwa namba ya mtu mwengine.

#38 MzeeVespa
Vijana mnajisumbua. Enzi zetu Mji Mkongwe mzima ni Vespa. Petroli lita moja, oili mililita ishirini, moja kwa hamsini, unatikisa unakwenda. Oili yote inaungua, hakuna cha kumwaga wala kuhesabu.

#39 Kaka_wa_Michenzani
Mzee wangu, na moshi wake tulikuwa tunauvuta sie tuliokaa barazani 😂

#40 Fundi_Kwerekwe
Shikamoo mzee. Ila Vespa nayo ina oili ya giaboksi, robo lita, na hiyo inamwagwa. Wengi wakisahau mpaka gia zinalia.

#41 MzeeVespa
Marahaba. Hiyo ni kweli, nilikuwa nazungumzia ya injini.

#42 Kijana_Jangombe
Na sisi wa bodaboda? Boxer inakula oili ya gari?

#43 Dereva116
Usitie. Kwenye pikipiki oili moja inalowesha injini, gia na klachi. Oili nyingi za gari zina dawa ya kuteleza, klachi inaanza kusepa. Tafuta yenye alama ya JASO MA. Na kwa vile haizidi sana lita moja, inachoka mapema mno, hiyo usiilinganishe na gari.

#44 UmmuSalma
Jamani na mimi nina la kusema. Mnabishana ibadilishwe mara ngapi, hakuna aliyeuliza ile iliyomwagwa inakwenda wapi. Nyuma ya gereji ya mtaani kwetu ardhi ni nyeusi na inanata. Kisima hakiko mbali. Unguja ni mawe ya matumbawe, maji yanapita mle kama kwenye chujio lililotoboka, na ndiyo maji tunayoyanywa. Kama kila mtu atamwaga kila elfu tatu badala ya elfu saba, ni zaidi ya mara mbili ya uchafu huo. Hili nalo litiwe kwenye hesabu.

#45 Nahodha_Kizimkazi
Umesema kweli bi mkubwa. Na pwani nako siku hizi kuna watu wanapaka madau oili chafu badala ya sifa. Sifa ni mafuta ya papa, inaingia kwenye mbao inashika. Oili chafu inaacha utando juu ya maji bandari nzima.

#46 Fundi_Kwerekwe
Mie simwagi chini. Nakinga kwenye beseni, natia pipani. Maseremala wanachukua kwa ajili ya mchwa, na mafundi wa ujenzi wanapaka mbao za zege zisigande. Nina mapipa mawili yamejaa sasa hivi, mwenye kuhitaji anifuate faragha aje na madumu yake.

#47 MpembaAsilia
Fundi, hiyo ya mbao za zege nilijaribu kwenye linta za nyumba, plasta ikakataa kushika.

#48 Fundi_Kwerekwe
Ulipaka nyingi. Inapakwa kwa kitambaa, nyembamba, siku moja kabla ya kumwaga zege. Sehemu itakayopigwa plasta usitie kabisa, rowesha mbao kwa maji tu.